Keya wa Tanganyika na Majina Yasiyoandikwa



Tarehe 23 Desemba 1943, katika misheni hii ya Nyegina, kijana mmoja wa Kizanaki kutoka Butiama, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa na kupewa jina la Julius. Habari hiyo inajulikana kwa kila mtoto wa shule katika mkoa wa Mara. Lisilojulikana sana ni kwamba siku ile ile kijana alipoinamisha kichwa hapa Nyegina kupokea maji ya ubatizo, maelfu ya vijana wa Tanganyika wa umri wake walikuwa katika misitu ya kisiwa cha Ceylon, bunduki mkononi, wakifundishwa namna ya kupigana na Mjapani. Na kijana mwingine wa Butiama hiyo hiyo, David Musuguri, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1920, alikuwa amekwisha kuingia jeshini mwaka mmoja kabla yake. Mmoja alishika kitabu na mwingine alishika bunduki. Historia imeandika mengi juu ya yule wa kitabu, na ni haki yake. Mazungumzo haya yanahusu wale wa bunduki.

Jeshi lenyewe liliitwa King's African Rifles. Wananchi, ambao hawakuwa na haja ya kuhangaika na herufi za Kiingereza, waliziunganisha herufi zake tatu za mwanzo na kuliita Keya. Tangu hapo askari wake nao wakaitwa keya, na neno hilo likabaki midomoni mwa wazee hata baada ya jeshi lenyewe kwisha. Keya lilikuwa na vikosi vya Kenya, vya Uganda, vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na vya Tanganyika. Kikosi cha Tanganyika kilichokuwa mama wa vingine vyote kilikuwa ni Kikosi cha Sita.

Chanzo cha Kikosi cha Sita ni cha ajabu kidogo, nacho hakina budi kuelezwa. Kiliundwa mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na sehemu kubwa ya askari wake wa awali walikuwa ni Waafrika waliokuwa wakimpigania Mdachi, wakatekwa na Mwingereza, kisha wakavalishwa sare nyingine na kuambiwa wageuze mitutu ya bunduki. Mwaka ule ule, mwezi Juni, vita hiyo ilifika katika mkoa huu. Kundi la Wajerumani na askari wao lililoongozwa na Naumann lilifika Ikoma na kupigana huko na Wabelgiji, kisha likaendelea kuzungukazunguka nchini mpaka liliposalimu amri mwezi Oktoba. Kwa hiyo mtu mzima wa Ikoma wa mwaka 1917 aliweza kuona kwa macho yake Waafrika wakiuana kwa amri ya mataifa mawili ya Ulaya juu ya ardhi ambayo haikuwa ya lolote kati ya mataifa hayo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maana ya ukoloni.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Mwingereza alihitaji watu wengi na kwa haraka. Wakati wa amani Keya lilikuwa jeshi dogo. Kabla vita haijakwisha, Watanganyika zaidi ya 80,000 walikuwa wamepita jeshini, baadhi katika vikosi vya wapiganaji wa miguu, wengine wakiwa madereva, wapishi, watengenezaji wa barabara, wauguzi na wapeleka habari. Wapo waliokwenda kwa hiari yao wakivutwa na mshahara, viatu na hamu ya kuona dunia. Wapo waliotajwa na machifu wao ili hesabu iliyotakwa na Bwana Shauri itimie. Waingereza walikuwa na mazoea yao ya kuyagawa makabila, haya wakiyaita ya vita na yale ya jembe. Katika mkoa huu Wakurya walihesabiwa miongoni mwa makabila ya vita, na vijana wao wakachukuliwa kwa wingi kuliko majirani zao. Elimu hiyo ya makabila haikuwa na msingi wowote wa kweli. Ilikuwa ni njia nyepesi ya kuwachagua watu waliozoea shida na wasiokuwa na shule.

Vita ya kwanza ya Kikosi cha Sita ilikuwa dhidi ya Waitalia huko Ethiopia. Mogadishu ilianguka tarehe 25 Februari 1941, Addis Ababa ikaanguka tarehe 6 Aprili, na jeshi la Kiitalia lililobaki likajificha katika milima na maziwa ya kusini. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Tarehe 19 Mei 1941, katika mahali paitwapo Colito, askari wa Tanganyika walivuka mto Billate na kushika ukingo wa pili. Hawajajiimarisha, mara vifaru vya Kiitalia vikajitokeza kutoka ubavuni na kuanza kuwapiga. Askari wa miguu aliye wazi mbele ya kifaru hana silaha ya maana.

Hapo ndipo sajini mmoja Mzungu wa kikosi hicho, Nigel Leakey, mkazi wa Kenya, aliporukia juu ya kifaru, akakifungua mfuniko, akawapiga kwa bastola waliokuwa ndani na kumlazimisha dereva kukipeleka mafichoni. Alipoona mzinga wa kifaru hicho haufanyi kazi, alishuka kwenda kuvivizia vingine kwa miguu. Akapanda juu ya kifaru kingine na kuufungua mfuniko wake, lakini hakumaliza kazi. Alipigwa risasi akaanguka. Shambulio la Waitalia lilivunjika, na tarehe 22 Mei mji wa Soddu ulitekwa. Mwaka 1945 Leakey alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Kiingereza. Aliistahili. Ushujaa hauna rangi, na hakuna sababu ya kumnyima marehemu sifa yake.

Lakini inafaa kuyasoma kwa makini maelezo rasmi yaliyotangazwa pamoja na nishani hiyo. Yanasema kwamba Leakey alipokwenda kuvivizia vile vifaru hakuwa peke yake. Alifuatana na sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wawili zaidi. Watu watatu. Waliona kilichompata mwenzao mbele ya kifaru cha kwanza, walijua kilichokuwa kikiwangojea mbele ya vile vilivyofuata, nao wakaenda. Katika maelezo hayo jina la Mzungu limeandikwa kamili, pamoja na namba yake. Majina ya wale watatu hayakuandikwa. Karani aliyeyapiga chapa hakuona haja. Pengine walitoka Iringa, pengine Songea, pengine Tarime, maelezo hayasemi. Mmoja wao hakuwa mtu wa cheo kidogo, kwani sajini-meja wa kombania alikuwa ni mtu anayejulikana na kila ofisa wa kikosi. Hata jina lake halikuandikwa.

Jambo hilo dogo linafundisha zaidi ya hotuba nyingi juu ya ubeberu. Mkoloni alikubali kumpa Mwafrika bunduki, akakubali kumpa cheo, akakubali hata kumpa sifa ya jumla kwamba askari weusi ni hodari. Alichokuwa mzito kukitoa ni jina.

Mwaka 1942 Kikosi cha Sita kilipelekwa Madagascar, kisiwa kilichokuwa chini ya Wafaransa waliokuwa wakiitii serikali ya Vichy. Kilikuwa ndani ya Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa Kenya na Nyasaland. Jeshi lilishuka Majunga mwezi Septemba na kuelekea kusini, na kazi kubwa ilikuwa kuondoa miti na mawe ambayo Wafaransa walikuwa wameyarundika barabarani kwa mamia. Mji mkuu, Antananarivo, ulishikwa tarehe 23 Septemba. Tarehe 18 Oktoba, mahali paitwapo Andramanalina, Wafaransa walikuwa wamejichimbia juu ya vilima wakiungojea msafara upite barabarani bondeni. Keya hawakupita bondeni. Walitembea kwa miguu kuvizunguka vilima vile kwa njia za porini, wakawatokea nyuma, na mamia ya maadui wakatekwa pamoja na mizinga yao. Ushindi huo haukupatikana kwa kutupa roho za watu ovyo, na kwa sababu hiyo unastahili heshima zaidi kuliko mapigano mengi yenye sifa kubwa.

Vita ya Madagascar ilimalizika kwa kichekesho. Wafaransa walikuwa tayari kusalimu amri mapema, lakini walichelewesha sahihi mpaka dakika moja baada ya saa sita ya usiku kuingia tarehe 6 Novemba, ili vita iwe imetimiza zaidi ya miezi sita na askari wao wastahili nishani na malipo. Askari wa Tanganyika hawakuwa na wa kuwachelewesheshea saa.

Burma ndiyo iliyobaki katika vinywa vya wazee waliorudi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha faru, ilijumuisha vikosi viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36. Hii ndiyo iliyokuwa Ceylon mwaka 1943. Katikati ya mwaka 1944 ilipelekwa mpaka wa India na Burma, na mwezi Agosti ikaingia katika bonde la Kabaw kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal. Bonde hilo lilijulikana kama Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa nyinginezo. Hapo kabla desturi ilikuwa ni majeshi kusimamisha mapigano mvua zikianza. Safari hii amri ilikuwa kuendelea mvuani.

Mtu wa Mara anayeijua mvua ya ziwani asidhani kwamba anaijua mvua ya Kabaw. Barabara iligeuka mto wa tope, magari yakazama mpaka milango, na chakula ikabidi kidondoshwe kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Mawingu yaliposhuka na ndege zikashindwa kuona, watu walikaa na njaa. Askari walimeza vidonge vya mepacrine kila siku ili kujikinga na malaria, vidonge vilivyoigeuza ngozi kuwa ya manjano. Walilala katika mahandaki yenye maji. Mjapani hakukimbia kama Mwitalia. Aliacha watu wachache katika kila kilima, na hao wakapigana mpaka wa mwisho wao. Ilikuwa ni vita ya makundi madogo, ya koplo na watu wake kumi, kwenye njia nyembamba ambako anayeongoza ndiye anayekufa kwanza.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni iliingia Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Wahandisi wakajenga hapo daraja la chuma la kuelea lenye urefu wa futi 1,154, yaani zaidi ya mita 350, na Jeshi la 14 la Jenerali Slim likapita juu yake kwenda kuikomboa Burma ya kati. Vitabu vingi vya vita hiyo huanza kusimulia ushindi kuanzia darajani hapo na kuendelea mbele. Miezi minne ya tope iliyolifikisha jeshi darajani hupewa kurasa chache.

Kuna jambo jingine linalowahusu walimu hasa. Tangu mwaka 1942 jeshi lilikuwa na Kikosi cha Elimu cha Afrika Mashariki, ambacho walimu wake wengi walikuwa ni Waafrika. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha askari kusoma, kuandika, hesabu na habari za dunia. Mtu aliyeondoka kijijini bila kujua herufi alirudi akiweza kuandika barua yake mwenyewe. Lugha iliyotumika zaidi ilikuwa Kiswahili. Mkurya, Mhehe, Mngoni na Myao waliishi katika hema moja wakiamriana, wakitaniana na kuzikana kwa Kiswahili. Gazeti lililochapishwa kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia liliitwa Heshima. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kilienezwa na wafanyabiashara, wamisionari na shule. Ni kweli. Lakini mahandaki ya Kabaw nayo yalikuwa darasa, na tathmini yoyote ya historia ya lugha ya taifa isiyoyataja ina upungufu.

Je, askari hao ndio walioleta Uhuru? Jibu la haraka ni ndiyo, na limezoeleka: askari alimwona Mzungu akiogopa, akakimbia na kufa kama mtu mwingine yeyote, akarudi nyumbani hamwogopi tena. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lisichukuliwe bila kupimwa. Wengi wa waliorudi waliweka magwanda sandukuni, wakanunua ng'ombe, wakaoa na kurudia jembe. Malipo waliyopewa yalikuwa madogo mno yakilinganishwa na ya wenzao Wazungu wa cheo hicho hicho, na hilo liliwachoma. Lakini manung'uniko peke yake hayaundi chama. Wapo waliokwenda mbele zaidi. Abdulwahid Sykes na Ally Sykes wa Dar es Salaam walitumikia Keya huko Burma, nao wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa haki ya historia inatosha kusema kwamba askari waliorudi walikuwa ni udongo uliokwisha kulimwa. Mbegu ilipopandwa haikukuta mawe.

Kikosi cha Sita chenyewe kilipata jina jipya mwaka 1961, kikawa Kikosi cha Kwanza cha Tanganyika Rifles, na cha 26 kikawa cha Pili. Bendera ilibadilika, maofisa kwa sehemu kubwa walibaki wale wale wa Kiingereza. Kambi yake Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita ile ya 1941. Kutoka kambi hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Madai yalikuwa na msingi, njia waliyoichagua haikuwa na utetezi. Jeshi lile lilivunjwa, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwezi Septemba mwaka huo, na kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891.

Mabadiliko hayo ya jina yalikuwa sahihi. Taifa huru halina budi kuwa na mashujaa wake. Hata hivyo jina la Colito lilipoondoka liliondoka pia na wale watatu wasiotajwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine nchini walipokuwa wakikumbukwa, hata kwa mbali hivyo.

Wapo watakaouliza: askari aliyempigania mfalme wa kigeni anakumbukwa kwa lipi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya mkoa huu. Musuguri aliyeingia Keya mwaka 1942 hakuishia hapo. Alipita katika maasi na katika kuundwa upya kwa jeshi, na mwaka 1979 alikuwa ndiye kamanda wa Divisheni ya 20 iliyovuka mpaka wa Mutukula kumwondoa mvamizi. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka uliofuata akawa Mkuu wa Majeshi. Ujuzi alioanza kuupata chini ya bendera ya kigeni ndio aliokuja kuutumia chini ya bendera ya kwake.

Na aliyekuwa upande wa pili? Idi Amin naye alikuwa mtu wa Keya. Alijigamba kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, wakati Wajapani walikwisha kusalimu amri mwaka 1945, na kwamba alianza kama msaidizi wa mpishi. Baadaye alijitengenezea nishani kwa mfano wa Msalaba wa Victoria na kujivika mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale ambapo waliopigana kweli hawakuandikwa.

Jenerali Musuguri alifariki tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Kijana aliyeingia jeshini na miaka 18 katika mwaka wa mwisho wa vita angekuwa leo anakaribia miaka mia. Hawa hawangojei tena. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, katika taarifa yake ya Aprili 2021, ilikiri kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa bila kukumbukwa kwa majina yao, na kwamba idadi yaweza kufika 350,000. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi, na haina jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya London wala si ya Dar es Salaam peke yake. Ni ya shule zilizoko Nyegina, Bunda, Butiama na Tarime. Katika nyumba nyingi za mkoa huu limo sanduku la bati, na ndani yake kuna cheti cha kuachishwa jeshi, picha iliyofifia, au nyota ya shaba yenye utepe. Cheti kina jina, namba na tarehe, lakini ni karatasi, na mchwa hawachagui. Nyota haili mchwa, ila ina kasoro nyingine: nishani za Waingereza za Vita Kuu ya Pili zilitolewa bila kuchongwa jina la mwenyewe. Nyota ya Burma ya sajini-meja na ya mpishi zinafanana kabisa. Anayeweza kusema ni ya nani ni mjukuu aliyeambiwa na bibi yake, na mjukuu huyo leo ama ni mzazi wa mwanafunzi, ama ni mwalimu mwenyewe. Daftari moja la kurasa mia kwa kila shule latosha kuanzia: jina la askari, kijiji chake, kikosi, nchi aliyofika, na jina la aliyesimulia.